Boneti ya Jirani

Jirani yetu hapa Kibondo, mjane muuza maharage, aliponunua gari, Probox ya kubebea mzigo, mume wangu ndiye aliyemfundisha kuitunza. Mume wangu ni dereva wa lori. Siku anazokuwa nyumbani ni chache, na hizo chache akawa anaamkia uani kwa jirani. Mimi nikiwa nafagia, niliwaona wameinamia boneti, vichwa karibu karibu, akimwonyesha jinsi ya kuchomoa kijiti cha kupimia oili, kukifuta, kukirudisha na kukichomoa tena ndipo asome alama. Kwa upole ambao mimi nilishausahau, alimwambia, "Fungua swichi kwanza, usipige stata bado. Taa zote za dashibodi ziwake. Injini ikishika, zote zizimike. Nyekundu ikibaki, usiondoke."

Miaka yote ya ndoa yetu, mimi sikuwahi kuonyeshwa hata maji ya rejeta yanawekwa wapi.

Kisha shangazi yangu akalazwa hospitali ya Kabanga, kule Kasulu, mume wangu akiwa safarini. Asubuhi jirani akaja mlangoni, akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, dada. Napeleka maharage Kasulu. Twende, nitakufikisha hospitali."

Nilikubali kwa ajili ya shangazi. Lakini njia nzima nilikaa nikiitazama mikono yake kwenye usukani, moyo unanichoma.

Tulipokaribia Nyakitonto, taa nyekundu yenye umbo la birika iliwaka mbele yake. Aliegesha pembeni, akazima injini palepale.

"Taa ya oili," akasema.

"Si umpigie simu fundi wako," nikamjibu.

Alinitazama kidogo, akashuka. Alisubiri oili itulie, akachomoa kijiti. Kilikuwa kimelowa nchani tu. Akatandika kanga yake chini, akalala chali na kuchungulia uvunguni.

"Inavuja kwenye filta ya oili. Shemeji alipoibadilisha hakuikaza vizuri."

Nilifurahi kusikia kwamba mume wangu alikosea. Nilifurahi kweli.

Tulikaa kwenye majani tukingoja injini ipoe.

"Dada," akasema, "hasira zako nazijua. Asubuhi ufagio wako unasikika mpaka kwangu."

Nikaanza kung'oa nyasi. Yeye akaendelea.

"Mimi nataka gari lisiniue njiani. Nina watoto wa kulea peke yangu."

Filta ilipopoa aliikaza kwa kitambaa, akaongeza oili kutoka kwenye galoni aliyobeba nyuma ya viti, akapima tena. Mimi nilimshikia kitambaa. Alipowasha, ile nyekundu ilizimika, naye akachungulia tena chini kuhakikisha hakuna tone. Wivu wangu haukupoa, ila sasa nilimwonea wivu mwanamke huyu kwa utulivu wake, kwa kutomhitaji mtu pale barabarani.

Tulipokuwa tunaingia Kabanga nikamwambia, "Na mimi nifundishe."

"Tukirudi nyumbani, njoo asubuhi kabla sijaondoka."

Mume wangu aliporudi kutoka safarini alinikuta uani kwa jirani, mikono myeusi, nakagua mkanda wa feni kama umechanika. Akasimama kwenye uzio.

"Kwani mimi ningeshindwa kukufundisha?"

"Hukuwahi kujaribu," nikamwambia.

Alitafuta kisingizio cha kuingia. Akauliza kama maji ya rejeta yanatosha. Jirani akamjibu yanatosha, shemeji, tumeshaangalia. Akafunga boneti, akaniambia nikae upande wa usukani. Mume wangu alibaki pale uzioni, amenuna, akitusikiliza.