Lori Lenye Boneti Wazi

Mwezi uliopita nilirudi Nchelenge, mji wetu wa kando ya ziwa. Nilipopita kando ya lori la samaki lililofunguliwa boneti, miguu ilisimama yenyewe. Dereva alidhani mimi ni fundi. Ningemwelezaje kwamba nilikuwa nimetega sikio nisikie gitaa?

Wewe uliyezoea muziki kila kona, ngoja nikupe siri yetu ya miaka ya sabini. Baa za ufukweni hazikuwa na umeme. Bendi zilivuka ziwa kwa boti kutoka Zaire, na magitaa yao yalitumia betri ya lori lolote la samaki lililokuwa likisubiri mzigo. Kwa hiyo sisi watoto hatukuuliza bendi iko wapi. Tulitafuta lori lenye boneti wazi, na waya unaoingia dirishani mwa baa.

Jumapili moja tulisikia kanisani kwamba mjomba, mdogo wake mama, amevuka na bendi kutoka Kilwa, ile ya Zaire kule ng'ambo ya ziwa. Mama hakuwa amemwona tangu alipoolewa upande wetu, kabla sijazaliwa. Na boti ingeondoka kabla ya jua kuzama! Hakurudi hata nyumbani kubadilisha sare ya kwaya. Alinishika mkono, akasema nimwonyeshe.

Nikaongoza, kifua mbele. Lori la kwanza, boneti wazi! Tulifika tukihema, tukamkuta dereva kalala chini ya injini akitukana, kwani lori lilikuwa limeharibika kweli. Mama alinikata jicho ambalo nalikumbuka hadi leo. Tukakimbia tena, tukiruka dagaa walioanikwa mchangani, harufu yao ikitufuata hadi gatini, na jua halikutungoja.

Hapo nikaona lori jingine, na waya! Gitaa lilikuwa linalia ndani, nikapiga kelele kwa furaha. Lakini mama alisimama. Mwanakwaya haingii baa, na sare ile nyeupe ilionekana kutoka mbali. Basi nilichungulia mlangoni, nikapaza sauti kumwambia mjomba kwamba dada yake yuko nje.

Mjomba alikuja akiwa bado anapiga, akiuvuta waya nyuma yake, hadi ukakazika pale kizingitini.

"Yaya," alisema, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa, "waya inaishia hapa."

"Basi piga," mama alimjibu. "Hapa minasikia muzuri."

Akapiga wimbo wa kwao wa kutwangia mihogo, na mama akamwitikia kwa sauti ya pili, katikati ya barabara, mbele ya wanywaji wote. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia mama siku ile. Wimbo ulipokwisha ndipo walipokumbatiana, wakilia, na mwenye boti alikuwa ameshaanza kuita abiria.

Hawakuonana tena. Siku hizi umeme upo, kila baa ina spika zake, na hakuna anayehitaji betri ya mtu. Mama amezikwa huku, mjomba kule.

Nilisimama pale hadi dereva alipofunga boneti.