Kijiti chenye Alama Mbili

"Nyie wote mmezalishwa na manesi. Babu wa babu zenu, yule wa kwanza kabisa, nimemzalisha mimi, kwa brashi ya rangi!"

Hayo aliyatamka Mzee Modest kwenye kipaza sauti, harusini kwa binti wa Marsela, hapa Endamarariek. Mshereheshaji alikuwa amemwomba neno moja tu la baraka. Watu walicheka mpaka wali ukapoa. Mimi, niliyeacha chuo katikati, nikampachika jina la Mkunga, na jina likakimbia kuliko bodaboda. Hata watoto wa shule wakawa wanamwamkia, "Shikamoo Mkunga!" Naye anaitikia marahaba bila kununa, kama mtu aliyepandishwa cheo.

Mzee ni mkulima wa mahindi na mbaazi. Ana ekari tatu, ng'ombe wawili na goti moja zima. Mwaka sabini na saba, akiwa kijana, alikuwa kibarua kwenye kambi ya wachimba mifupa ya kale, huko juu Ngorongoro, upande wa Endulen. Kutwa nzima unatambaa korongoni kwa magoti, unakwangua udongo kwa brashi. Sasa kilabuni, kanisani, kwenye foleni ya mbolea, hadithi yake ilikuwa moja: taya la mtu wa kale lililotoka kambi ile, aliyeliona ni yeye. Picha hana. Barua hana. Alichonacho ni mdomo.

Mwezi wa sita nikakuta mtandaoni kipindi cha redio moja ya ng'ambo, kwa Kiswahili, kinachosimulia historia ya elimu ya mabaki ya kale. Sehemu ya nne ilikuwa kambi za Ngorongoro. Nikajisemea, leo Mkunga anavuliwa koti hadharani. Sikukisikiliza kwanza, nilikuwa na uhakika kuliko padri. Jumapili baada ya misa nikapeleka spika kwenye mgahawa wa Marsela na kuita watu. Mzee nilimwalika mwenyewe, nikamnunulia na chai. Chai ile ndiyo inayonikaba mpaka leo.

Mtangazaji alieleza vizuri. Alisema jinsi wasomi wa zamani walivyobishana binadamu alianzia bara gani, jinsi walivyopima umri wa majivu ya volkano, na kwamba majina ya vibarua hayakuingia kwenye vitabu. Hapo nikamkonyeza Marsela. Kisha mtangazaji akasema amepata daftari la kambi, na atasoma ukurasa wa taya.

"Liligunduliwa na kibarua kijana aitwaye..."

Mtandao ukakwama. Kiduara kikazunguka.

"Aitwaye Mkunga!" nikadakia. Watu wakaangua kicheko. Mzee naye akatabasamu na kuchovya andazi lake.

Kiduara kikaacha. "...Modest, kutoka Endamarariek."

Mgahawa ulilipuka. Marsela alipiga kigelegele, akamkumbatia mzee na sufuria mkononi. "Mzee wetu! Tulikuonea bure, baba!" Wengine wakanigeukia mimi: "Haya, mwenye nusu diploma, sema sasa!" Nikajongea kumwomba radhi. Mzee alikuwa ameweka andazi chini, rangi imemtoka.

"Zima hiyo kitu," akasema.

Nilimfuata hadi shambani kwake. Alikaa kwenye gogo, nami nikabaki nimesimama.

"Mzee, nisamehe. Nilitaka kukuaibisha. Kumbe ulikuwa unasema kweli."

"Sikuwa nasema kweli."

Nikadhani ananitania.

"Kambini kila kibarua alikuwa na vijiti vyake, vimechongwa alama," akasema. "Vyangu mbili, vya Supeet tatu. Supeet ni Mmaasai wa Endulen, tulikuwa tunalala hema moja. Ukiona mfupa hugusi. Unachomeka kijiti chako pembeni, unamwita mkubwa wa kambi, na jina linaandikwa kwa kufuata kijiti. Siku ile aliyeliona taya ni Supeet. Vijiti vilikuwa vimemwishia. Akaniambia, nilindie pahali hapa nikalete vingine hemani. Akatoka mbio. Mimi nikachomeka changu."

"Ili pasipotee?"

"Nilijiambia hivyo. Mkubwa akafika kabla Supeet hajarudi. Akahesabu alama, mbili. Akaandika."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Aliyeona mfupa mkubwa alipewa blanketi, mwanangu. La kijivu, lenye mistari myekundu. Wewe hujalala kule juu mwezi wa saba."

Akakwangua tope kwenye buti lake.

"Miaka yote hii nimejisifu kwa sababu mlikuwa hamniamini. Uongo usioaminiwa si mzito, unabebeka. Mkinicheka, naenda kulala vizuri. Leo umeniletea watu wanipongeze. Nitaubeba wapi?"

Nikakaa naye kwenye gogo.

"Yuko hai, huyo Supeet?"

"Yuko hai. Huwa namwona kwa mbali mnadani. Nazunguka nyuma ya ng'ombe."

Jumanne tukapanda gari la Endulen. Tulipokaribia boma la Supeet, mzee aliinama, goti likalia, akang'oa nyasi mbichi na kuzishika mbele yake. Kule mtu akija na nyasi mkononi anaomba msamaha. Supeet alikuwa mlangoni pa zizi la ndama, jicho moja lina ukungu. Alizitazama zile nyasi, kisha akamtazama aliyezishika.

"Wewe ni Modest," akasema. "Nani kafa?"

"Hakuna. Nimekuja kwa ajili ya taya."

"Ah." Supeet akaegemea fimbo yake. "Niliporudi nilikiona kijiti. Alama mbili. Mimi nilikuwa nahesabu ndama tangu nikiwa na miaka mitano, nishindwe mbili?"

"Mbona hukusema?"

"Kwa Kiswahili gani? Nilikuwa na maneno kumi, na manane ni ya chakula. Nilikuwa nakungoja wewe useme."

Mzee akalia. Sijawahi kumwona mzee wa kabila letu la Wairaqw akilia mchana, nami nikageuka kuangalia ndama.

Nikawawekea kipindi kwenye simu. Supeet alisikiliza ameinamisha kichwa. Kilipofika kwenye daftari, akainua mkono.

"Jina langu halimo."

"Halimo, baba," nikasema. "Nitawaandikia redio."

"Andika. Watajibu?"

"Sijui."

Niliandika palepale, mzee akiniambia cha kuandika neno kwa neno, jina lake na kosa lake. Mpaka leo hawajajibu.

Supeet akapokea zile nyasi. Akauliza swali moja tu.

"Lile blanketi lilikuwa na joto?"

"Lilikuwa na joto. Nilioa nalo."

"Mimi baridi ya mwaka ule ilinipiga, shore. Ilinipiga kweli." Shore kwao ni rafiki. "Niletee langu."

Tukarudi na gari la mchana. Mzee hakukubali tupitilize nyumbani. Alishuka sokoni Karatu, akaingia duka baada ya duka akiuliza rangi ileile, na kila duka alikataa la buluu.

Duka la mwisho akalipata. Blanketi la kijivu lenye mistari myekundu ni shilingi elfu thelathini na nane.