Kiti Alichokiacha Baba

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu nje kidogo ya Songea, kwenye barabara ya Njombe, niliamini kuwa baba angekufa kwa sababu alikataa kuendelea kuwa mwenyekiti wa kijiji. Maneno hayo aliyaleta bibi, mama yake baba, siku baba aliporudi mkutanoni na kutuambia kwamba uchaguzi ukifika hatachukua fomu.

"Wamekuchoka?" bibi akauliza.

"Hapana, mama. Bado wananitaka. Ndiyo maana naondoka sasa."

Bibi akaweka ungo chini. "Uongozi hauachwi na mtu mwenye nguvu zake. Ukiuacha, unaondoka na roho yako. Baba yako aliacha ubalozi wa nyumba kumi, hakuyaona mavuno."

Babu sikumjua. Nilijua kaburi lake tu, nyuma ya migomba, na tangu siku hiyo sikupita tena njia ile. Baba alicheka kidogo. Mama hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Akachaguliwa Mama Ngonyani, jirani yetu. Mvua za kwanza zikaanza. Uwanja wetu, ambao haukukosa watu wenye kesi za mipaka na mbuzi, ukawa kimya. Kisha baba akaanza kutetemeka. Zahanati wakasema ni malaria, wakampa dawa. Homa ikashuka, ikapanda tena. Bibi hakusema, "Niliwaambia." Alikaa mlangoni na rozari yake, na kila aliponitazama nilijiona yatima tayari.

Mama Ngonyani alipokuja kumjulia hali, bibi alimpigia magoti. Mtu mzima yule, akampigia magoti! "Mwanangu, mrudishie kiti chake, apone."

Mama Ngonyani akamwinua, akaingia chumbani. "Kaka, kama ni hilo, naachia leo hii."

Nikamshika baba mguu, unawaka moto. "Baba, kubali tu."

Alipumua kwanza. "Nikirudi kwa kuogopa kufa, nitakikalia mpaka nife. Na atakayenifuata ataogopa hivyohivyo."

Mama Ngonyani hakubishana naye. Alitoka akaita bodaboda, wakamweka baba katikati, yeye akamshikilia kwa nyuma mpaka hospitali mjini. Kumbe mapafu nayo yalikuwa yameshikwa na ugonjwa. Siku zile sikula vizuri. Kila pikipiki iliyopita niliidhani imeleta msiba.

Baba alirudi, amekonda, akitembelea fimbo. Mama Ngonyani akawa anapita jioni kumwuliza hili na lile la kijiji, mengine nadhani alikuwa anayajua. Mpaka leo baba yupo, analima mahindi yake.

Bibi ndiye aliyetangulia. Kabla hajafa nilimwuliza babu alikufaje. Akasema, "Alipoacha ubalozi, hakuna aliyekuja tena. Homa ilimkuta tuko shambani, yupo peke yake. Hata wa kumpa maji hakuwapo."

Nikamwelewa. Hakuwa mjinga bibi. Alikuwa amempoteza mumewe, akatafuta jina la kilichomuua.

Siku hizi nikisikia redioni kiongozi ametangaza kuondoka kwa hiari yake, wenzangu hushangilia, wakasema huyo ndiye muungwana. Na kweli ni muungwana. Mimi moyo hunidunda kwanza. Huwaza nyumba yake, wiki itakayofuata, na kama kuna mtu atakayebisha hodi.