Kidumu Kilichojazwa Hadi Mdomoni

Haya chekeni kwanza mmalize, maana najua habari hii mlishaisikia kwa watu wa pikipiki na kila mmoja kaongeza chumvi yake, wengine mnasema nilizimia (uongo), wengine mnasema nilitolewa na mlinzi (uongo mkubwa zaidi). Aibu niliipata, tena ya kututosha ukoo mzima, lakini leo nasimulia mwenyewe, na atakayenionea huruma simtaki.

Mnaikumbuka miaka ile ya wakimbizi, kambi zimejaa huko juu, mji wa Kigoma umejaa magari meupe ya mashirika yenye antena ndefu, na aliyesoma akikaa nyumbani bila kazi watu wanamwangalia kama mgonjwa. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha uhasibu, naishi Kasingirima kwa shangazi yangu Veronika, dada wa marehemu baba, aliyenilea kwa kuuza mawese ya kijijini Simbo. Shirika moja likaniita kwenye usaili, nikapita. Kazi yenyewe ilikuwa ya chumba cha nyuma, kupokea hati za malipo, kuzilinganisha, kuzigonga muhuri na kuzipeleka kwa mwenye kuamua, mshahara mzuri, matibabu bure na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Upande wa pili kulikuwa na kampuni ndogo ya madalali wa hisa huko Dar, iliyokubali kunipokea nijifunze kazi kwa posho ya kuchekesha. Na ndoto yangu tangu chuoni ilikuwa hiyo ya Dar, kujua pesa ya mtu iwekwe wapi leo ili imfae uzeeni, siyo kugonga muhuri pesa ambayo wengine wameshaiamulia.

Shangazi hakutaka hata kusikia. Yeye aliingia nchi hii kutoka Burundi akiwa msichana, amejitwika godoro, na kila hesabu yake inaanzia siku ile. "Mwana wanje," akaniambia, ndiyo mwanangu hiyo kwa Kirundi, "mimi nilikimbia nikaacha migomba, nikaacha ng'ombe, nikaacha nyumba ya bati. Kitu cha kubeba ni kazi. Hizo hisa zako utazibeba na nini?"

Kumnyima raha mtu aliyekulea siyo mchezo jamani, basi nikajisemea moyoni, potelea mbali, nitakwenda kukubali.

Asubuhi ya siku ya kwenda, kiangazi, na baridi yake mnaijua, Shangazi akasema siendi mikono mitupu, maana mtu akikupa kitu nawe unamfikia na kitu. Akaamua nimpelekee mkuu wa fedha, Bi Mwajuma, kidumu cha lita tatu cha mawese. Mawese yalikuwa yameganda kwenye pipa. Nikachota kwa kopo nikaacha nafasi kidogo juu, kwa sababu biashara hiyo naijua, yakipata joto yanayeyuka na kuvimba. Shangazi kanisimamia kichwani. "Jaza. Zawadi isiyojaa ni matusi."

Nikamwambia yatatoka.

"Oya! Jaza!" (Oya ni hapana ya Kirundi, na ikitoka kinywani mwa Shangazi haina rufaa.)

Nikajaza, nikashindilia, nikafunika mdomo kwa kipande cha nailoni, nikakaza kifuniko. Uamuzi ulioniponza ndio huo.

Ofisini nikawekwa kwenye benchi la nje, chini ya bati, na jua likaanza kupanda. Ukutani mbele yangu kulikuwa na bango kubwa, HATUPOKEI ZAWADI. Nilipolisoma nikauchukua mfuko wenye kidumu nikauficha nyuma ya mgongo wangu, nikauegemea (akili za msomi hizo), na sketi yangu ilikuwa mpya, nyeupe, nimeshonesha kwa ajili ya siku hiyo hiyo. Baadaye nikahisi unyevu kiunoni. Nikadhani ni jasho la woga.

Nikaitwa ndani, nikaingia na mfuko wangu, kumbe Bi Mwajuma alishawakusanya wafanyakazi wote ukumbini anitambulishe, na jibu langu hajalisikia, maana nani angekataa kazi kama ile? "Huyu ndiye mwenzetu mpya wa malipo," akasema kwa furaha. "Geuka basi, na walioko nyuma wakuone."

Nikageuka.

Mawese ni mekundu, sketi ni nyeupe, na yalikuwa yamenilowanisha pale pale ambapo mwanamke yeyote anaogopa kulowana. Dada wa mapokezi akaja mbio na kanga, akanifunga kiunoni, akaninong'oneza, "Pole mdogo wangu, ni mambo ya kawaida." Wanaume walikuwa wanakagua dari. Nilipoelewa wanachokifikiria nikapiga kelele, "Siyo hivyo! Ni mawese!"

"Mawese?" Bi Mwajuma akauliza. "Ya nani?"

Nikautazama mfuko, unadondosha, umechora mstari kutoka mlangoni hadi nilipokuwa nimesimama. "Ya kwako, mama," nikasema.

Mzee mmoja wa stoo akakohoa. "Hiyo ni rushwa," akasema polepole.

Jamani, aibu ikizidi sana inaisha, na mimi yangu ilipoisha nikakuta chini yake kuna hasira. "Rushwa ya nini," nikasema, "na kazi yenyewe siitaki?" Nikajisikia nimeyatamka, nikangoja nijute, majuto hayakuja. Basi nikaendelea. "Nimekuja kushukuru, na kwetu mtu anashukuru kwa kidumu kilichojaa. Lakini mimi naenda Dar kujifunza kuwekeza. Mpeni chumba cha nyuma anayekipenda."

Bi Mwajuma akanitazama. "Rushwa ya kukataa kazi," akasema, "ndiyo naiona leo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami nikatoka na kanga ya watu kiunoni, kidumu mkononi, kichwa juu, na pale mlangoni nikateleza kwenye mawese yangu mwenyewe, chini puu! (Hilo ni kweli, msiongeze.)

Nyumbani habari ilishanitangulia. Shangazi amekaa kizingitini, moto hajawasha. "Umenivua nguo mjini," akasema.

Nikakitua kidumu miguuni pake. "Shangazi, uliniuliza hisa nitazibeba na nini. Hazibebwi. Ukikimbia jina lako linabaki limeandikwa kule zilipo, ukirudi unazikuta. Nataka niwe na kitu ambacho nikifukuzwa hakuna wa kuninyang'anya."

"Nani kakwambia tutakimbia tena?" akauliza.

"Wewe," nikasema. "Kila siku."

Akainamisha kichwa, na nilipoona anafuta macho kwa ncha ya kitenge nikaumia kuliko nilivyoumia pale ukumbini. Kisha akakivuta kile kidumu, akakitikisa. "Yamebaki ya kutosha," akasema. "Kaoshe sufuria, nikupikie maharage ya kwenye treni."

Nikapanda treni. Posho ilikuwa ya kuchekesha kweli, mihogo nimeila mpaka basi, na sijutii hata mhogo mmoja. Ila tangu siku ile sijazi tena kidumu eti kwa sababu mtu kanisimamia kichwani, awe bosi, awe Shangazi mwenyewe. Na nyie mnaoniita Mama Mawese nikipita Kasingirima, iteni kwa sauti. Naitika.