Mwamba wa Mama Mkwe

Kazi yangu ni kufukuza korongo na mwewe kwenye kiwanja kidogo cha ndege huku kwetu Busega, si mbali na ziwa. Watu wananicheka: mtu mzima na ndevu zake anakimbia na debe, anagombana na viumbe wenye mabawa. Wacheke. Hawajui korongo mmoja anaweza kuvunja kioo cha rubani.

Debe lilinisaidia siku za mwanzo tu. Korongo huzoea kelele, lakini hawaachi chakula, na chakula kilikuwa kwenye mwamba mpana karibu na mwisho wa njia ya kurukia. Hapo mama mkwe wangu alikuwa akianika dagaa tangu kabla kiwanja hakijafyekwa. Dagaa wa mwambani hukauka wakiwa safi, hawana mchanga, na wanunuzi wa Bariadi walimfuata yeye kwanza.

Angekuwa mwanamke mwingine ningemwambia ahame, yakaisha. Lakini kwetu Wasukuma mkwe ni mkwe. Nikikutana naye njiani nampisha, nainama, namsalimu "Mwadila, mayu," yaani mama, macho yakiwa chini. Nimwamuru vipi mama wa mke wangu? Nikamtuma mke wangu. Akarudi na jibu:

"Mayu anasema kiwanja ndicho kimeukuta mwamba, siyo mwamba umekikuta kiwanja."

Nilicheka, maana ni kweli. Moyoni nilikereka.

Asubuhi moja ndege ikaja kumchukua mgonjwa. Ilikuwa imeshashuka karibu kabisa korongo waliponyanyuka kutoka mwambani, kundi zima. Rubani akaipandisha ghafla, ikapita juu yetu ikinguruma. Nikatupa debe, nikamkimbilia mama mkwe mbele ya wanawake wenzake.

"Ondoa takataka zako! Unataka kuua watu?"

Mdomo huponza kichwa. Nilikuwa nimemtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nioe. Alikaza kanga kiunoni, akaanza kuzoa dagaa wake. Ndege ilizunguka, ikatua salama, ikamchukua mgonjwa ikaondoka.

Wazee walinitoza mbuzi, nikatoa. Mama mkwe akasema yameisha. Sasa mwamba ni mtupu, korongo wamehama, mkuu wangu ananisifu. Yakitokea tena nitapiga kelele vilevile, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Siku hizi mama mkwe anaanika mchangani, ufukweni. Wanunuzi wamepungua. Lakini fungu letu la dagaa bado anatuletea kila wiki kama zamani, anamkabidhi mke wangu mlangoni na kuondoka.

Jana tulikula. Mchanga ukalia kwenye meno. Mke wangu akarudisha tonge sahanini, akaniangalia. Mimi nilitafuna, nikameza, nikachota tena.