Dawa ya Mwalimu Kwenye Friji ya Soda

Duka ni langu. Naanza na hilo kwa sababu bango la juu ya mlango lina jina lingine, na kila mgeni huniuliza kama nimeajiriwa. Sijaajiriwa na mtu. Chumba ni changu, bidhaa nanunua mwenyewe, hasara ikija inalala kwangu. Kampuni ya Dar es Salaam ilinipa jina lake, rangi zake, rafu, fulana yenye nembo kifuani na friji ya mlango wa kioo, nami nikasaini kitabu cha masharti kinene kuliko kitabu cha nyimbo cha kanisani. Hapa Tabora tuliosaini ni wawili. Mwenzangu ni mfanyabiashara wa mjini, wa ukoo uliouza vitu hapa tangu enzi za misafara, na duka lake liko mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Ukiingizwa kwake umefunikwa macho, ukafunuliwa, utadhani uko kwangu. Hata sabuni zimepangwa kwa mfuatano ule ule.

Zamani niliuzia kwenye dirisha la nondo. Mtu alisimama nje, akataja anachotaka, nikampa. Wateja walichukua muda kuzoea kuingia ndani. Kinamama waliotoka Goweko na mizigo yao walivua ndala mlangoni kwa sababu ya vigae, wakaingia pekupeku na kusimama katikati ya duka wakiningoja. Nikiwaambia wachukue wenyewe, walinitazama kana kwamba nimewatuma wakaibe. Asali ya Ipole niliacha kuuza, maana kitabu kilikataa chupa zisizo na lebo. Iliniuma kidogo, kisha ikaacha. Bango lilileta watu, na sitajifanya sikulipenda.

Sharti moja lilihusu friji. Humo vikae vinywaji vya kampuni peke yake, kwa mpangilio wa mchoro uliobandikwa ubavuni. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo la mwalimu.

Mwalimu ni jirani yangu, mstaafu, mjane, aliyefundisha sayansi sekondari mpaka nywele zikamwisha. Ana ugonjwa wa sukari na anajichoma sindano asubuhi na jioni. Kwake hakuna friji. Tangu kabla ya bango, dawa yake ilikaa kwenye friji yangu ya zamani, naye akija kuvuta dozi na kunirudishia kichupa, kama wengine walivyoniachia funguo, barua na vifurushi vya ndugu zao. Hakuna aliyeona kuwa ni jambo la kuombea ruhusa. Duka la mtaani ndivyo lilivyo. Siku ya kwanza alinieleza kwa sauti ya darasani: "Ubaridi, siyo barafu. Ikipata joto inachoka. Ikiganda ni ya kutupa, hata kama kwa macho unaiona nzima." Akanitaka nirudie. Nikarudia, mtu mzima mwenye wajukuu.

Friji ya kampuni ilipokuja, kisanduku chake nilikificha rafu ya chini, nyuma ya chupa kubwa za maji. Siku za ukaguzi ndizo zilizohitaji akili. Mkaguzi alikuja na basi la asubuhi kutoka Nzega, ambako kuna duka jingine la jina letu, na alianzia kwangu kwa kuwa niko karibu na stendi. Nikampigia simu mwenzangu, ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tunasalimiana kwa shingo upande. Nilidhani atakataa. Alisema tu, "Ilete dawa ya mzee wetu." Dawa ikaenda kwake kwa bodaboda, ndani ya chupa ya chai niliyoipoza kwa maji ya baridi. Mkaguzi alipomaliza kwangu na kuelekea kwake, ikarudi kwa njia nyingine. Tulifanya hivyo karibu mwaka mzima. "Dada, uzee huu tumekuwa watu wa magendo," mwenzangu aliniambia siku moja, na nadhani wote wawili tulikuwa tunajisikia vizuri.

Siku ninayotaka kuisema, mkaguzi hakuja na basi. Alikuja na gari la kampuni, bila taarifa, akitokea Sikonge. Nilimwona akifunga mlango wa gari. Nikatoa kisanduku kwenye friji, nikageuka huku na huku, nikakitumbukiza kwenye friza la samaki kule stoo. Nilijiambia ni dakika tano.

Alikagua rafu, akakagua friji, akapima kwa macho mstari wa soda. Kisha akasema, "Mama, duka lako ni noma," akanieleza kwamba kampuni inatafuta duka la mfano kwa kanda nzima na yeye atalipendekeza la kwangu. Alitaka picha. Nilipigwa picha mbele ya rafu, nikapigwa nimeshika soda nisiyoinywa, nikapigwa chini ya bango baada ya kwenda kubadilisha kilemba. Nilimwagizia wali na kuku. Aliondoka baada ya adhana ya adhuhuri, na mimi nikabaki kumsimulia kila aliyeingia habari za picha zile. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kusaini.

Alasiri mteja akaomba samaki.

Vichupa vilikuwa viwili, kimoja kinachotumika na kingine hakijafunguliwa. Vyote vilikuwa vigumu kama kokoto. Niliviweka dirishani, vikayeyuka upesi tu. Nikavitikisa. Dawa ikarudia weupe wake, ila kwenye ubavu wa kioo zilibaki punje ndogo ndogo ambazo hazikuwapo. Nilijiambia ni macho yangu. Nikavirudisha kwenye kisanduku, na kisanduku rafu ya chini.

Famasi iko ng'ambo ya barabara. Bei haikunizuia, na ningeweza kumtuma mtu nisiondoke hata kwenye kiti. Kilichonizuia ni kwamba ningelazimika kumwambia mwalimu kwa nini dawa yake ilikuwa kwenye friza la samaki na mimi nilikuwa wapi muda wote huo. Aliingia jioni kama kawaida, nikamwamkia, akanyoosha mkono, nikampa. Alinipongeza kwa picha. Mtaa mzima ulikuwa umeshasikia. Siku ya pili akaja, nikampa. Siku ya tatu alikunywa maji palepale mlangoni, chupa nzima, akasema jua la mwaka huu limezidi. Nikampa.

Siku ya nne hakuja. Jirani mmoja alimkuta ameketi kitandani, hajui ni asubuhi au jioni; wakapitia kisanduku chake kwangu, wakamkimbiza hospitali. Nilikwenda kumwona nikiwa na uji usio na sukari. Nilikaa kwenye kiti cha wageni, nikampa pole, nikaitikia dua za waliokuwapo. Sikusema. Niliona haya mpaka uji wenyewe nikashindwa kumnywesha, nikamwachia muuguzi.

Alirudi nyumbani baada ya siku tisa. Kesho yake akaja dukani, amekonda, ana fimbo, na mfukoni mwa shati kisanduku kipya.

"Hospitali wameniuliza dawa nilikuwa naiweka wapi," alisema. "Nikawaambia mahali pazuri."

"Umeme ulisumbua sana wiki ile, mwalimu."

"Umeme ukikatika, dawa hupata joto. Wamenionyesha kichupa. Kilikuwa na punje. Punje ni za kuganda."

Akaegemea fimbo, akaningoja. Nadhani ndivyo alivyowangoja wanafunzi wake miaka yote ile, bila hasira, mpaka mwenye jibu aseme. Mteja mmoja aliingia, akatutazama, akatoka. Nikasema. Nilisema friza, mkaguzi, picha, kilemba, yote.

"Jioni ile niliponyoosha mkono, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alitikisa kichwa taratibu. "Ungesema tu, mwanangu," alisema. "Ningekwenda famasi kununua nyingine. Yangeisha hapo hapo."

Alikitoa kile kisanduku mfukoni, akaitazama friji kwa muda, akakirudisha mfukoni. Akaniaga vizuri.

Sasa dawa yake inakaa kwa mwenzangu, kwenye friji iliyotoka kiwanda kimoja na ya kwangu, na siku ya ukaguzi mwenzangu anajua mwenyewe anaipeleka wapi. Hanipigii simu. Duka la mfano nilipewa. Picha imebandikwa ndani, nimeshika soda. Mwalimu anapita mbele ya mlango wangu asubuhi na jioni, mwendo wa dakika kumi, kwa fimbo ile labda ishirini, kisha anarudi. Nikiwa nje namwamkia. Huitikia marahaba kwa sauti ile ile ya zamani, na hasimami.