Baba Huondoka Kila Jumamosi

Fundi cherehani mmoja wa Matombo huigiza familia yake nzima peke yake, kwa kitenge kimoja. Akikifunga kiunoni ni mama. Akikitupia begani ni baba, pamoja na kile kikohozi chake cha kujisikia. Ukumbi wa misheni huvunjika mbavu mpaka baba anaponyanyua begi kuwakimbia watoto. Hapo fundi hulamba kidole, kama anayetaka kutunga uzi kwenye sindano, ndipo miguu imkubalie kutoka. Jumamosi hii mama yake mzazi, ambaye nyumbani hamtaji kabisa mume huyo aliyewakimbia, alikaa mbele. Baba alipokaribia mlango, mama huyo akasema taratibu kutoka kitini, "Wewe, begi liache. Hilo nilinunua mimi." Watu wakaangua kicheko. Fundi akajaribu kukohoa, kikohozi kikagoma. Akarudi, akaliweka begi miguuni pa mama yake, na siku hiyo baba akaondoka mikono mitupu.